Simsim ya Namba Nne

Katikati ya miaka ya tisini, miezi michache baada ya kutoka chuo kikuu, niliajiriwa kwa mkataba wa muda na kituo kimoja cha utafiti wa kilimo. Nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, kamba ya kupimia yenye mafundo na rundo la fomu, kisha nikatumwa kupanga chumba Amagoro, karibu na mpaka wa Uganda. Kazi yangu ilikuwa simsim, ambayo wengine huiita ufuta. Marafiki niliosoma nao walikuwa wamepata kazi za chai na kahawa, na nilipowaandikia kwamba mimi nimepewa simsim, mmoja alijibu akiuliza kama hilo ni zao au ni kiungo cha mboga.

Lilikuwa zao, tena la zamani sana upande ule wa mpaka. Pamba iliyowasomesha watu wa Teso ilikuwa imekwisha, na viwanda vya kuichambua vimefungwa. Vijijini kulibaki mahindi, mtama na muhogo, chakula cha kushibisha watu lakini si cha kuwavisha. Wakubwa wangu walitaka zao dogo lenye bei, litakaloingia katika pembe ya shamba bila kuyasukuma mahindi. Simsim ilifaa. Shida yake ilikuwa moja, na niliielewa siku niliyosimama katika soko la Malaba nikimtazama mwanamke mmoja akidhalilishwa.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, kutoka Moding, na alikuwa amekuja na gunia lake kichwani. Mnunuzi, mwanamke mwenzake kutoka ng'ambo ya Uganda, alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akachota, akaziacha punje zipite katikati ya vidole.

"Nyabo, hii ni nini umeniletea? Nyeupe, nyekundu, nyeusi. Umeleta simsim ama umeleta mkutano wa hadhara?"

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka.

"Ni mbegu ya mama mkwe wangu," alisema. "Ilikuwa inalisha watu kabla wewe hujazaliwa."

"Basi mrudishie mama mkwe. Mimi tajiri wangu anataka nyeupe, nyeupe tupu."

Alilifunga gunia lake polepole, kwa fundo zuri, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine anayelingoja. Nilimfuata hadi nje ya soko, nikajitambulisha.

"Unauza dawa?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Ninaleta mbegu. Nyeupe. Tunataka kuzijaribu katika mashamba ya watu."

"Za bure?"

"Za bure."

"Basi kuna kitu kingine unataka." Alinitazama viatu, halafu uso. "Haya. Kuja uone shamba. Mimi nataka tu siku moja yule mwanamke aweke mkono kwa gunia langu na anyamaze."

Hilo ndilo alilolitaka, na sikuwahi kumsikia akilibadilisha.

Tuliyapanga majaribio katika nyumba tatu. Kila nyumba ilipewa aina sita, zilizojulikana kwa namba tu, na ya saba ikawa mbegu ya mwenye shamba mwenyewe, ya kulinganishia. Kila aina ilikuwa na kipande chake kidogo, chenye kijiti na kibao. Majirani wa yule mama walipita wakimtania.

"Mama, simsim yako imefungwa? Naona kila moja iko na namba ya jela."

"Yangu imefungwa," alijibu bila kuinua mgongo, "yako imetoroka na magugu."

Nilimpa masharti kama nilivyoyapokea. Usiuze. Usichanganye. Usipande hata punje moja mahali pengine. Siku ya kupura lazima niwepo, nione kwa macho yangu, nipime, kisha niweke saini kwamba nilishuhudia. Aliyarudia moja baada ya jingine kwa Kiswahili chake, kama mtu anayejifunza sala, na akayashika yote kuliko mkulima mwingine yeyote niliyefanya naye kazi. Nyumba moja kati ya zile tatu ilipoteza kila kitu maji ya bwawa yalipopanda. Zikabaki mbili, yake na nyingine karibu na barabara. Kuanzia hapo kila kipande chake kilikuwa nusu ya ushahidi wote tuliokuwa nao.

Kufikia Oktoba alikuwa tayari amechagua. Alikuwa akinishika mkono wa shati na kunivuta moja kwa moja hadi namba nne, akizipita nyingine kama wageni wasiohitaji salamu.

"Ona hii. Imesimama kama askari. Na ona ganda lake likikauka." Alilibonyeza kwa kidole gumba. "Hiyo namba mbili ukiigusa tu inatema. Hii haina haraka ya kufungua mdomo."

Nilikubali kwa kichwa. Fomu yangu ilikuwa na nafasi ya urefu, ya siku za kuchanua, ya wadudu na ya uzito. Haikuwa na nafasi ya mdomo. Sikuandika.

"Ukimaliza kupima," alisema, "hii uniachie."

"Siwezi, mama. Mbegu yote inarudi kituoni. Lakini ikishinda, itakuja kwako kabla ya mtu yeyote."

"Itashinda," alisema. "Si iko mbele ya macho yako?"

Desemba tulikubaliana siku ya kupura. Siku mbili kabla yake nilipata barua kutoka kwa kampuni ya kuvusha mizigo mpakani Busia, iliyoniita kwa mahojiano. Nilikuwa nimeiomba kazi ile kwa siri. Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha na sikuwa na hakika nao. Nikaenda. Mahojiano yaliahirishwa hadi kesho yake, na kesho yake hadi mchana, nami nikakaa Busia nikipiga pasi shati lile lile. Huko Moding, mabua yaliyokuwa yamesimamishwa juu ya uchanja yalikuwa yamekauka, na wingu likatokea upande wa Tororo. Simsim iliyokauka ikinyeshewa huwa nyeusi. Mama hakunisubiri, na hakuna mkulima ambaye angenisubiri. Alipura kila namba juu ya mkeka wake peke yake, akapepeta, akatia kila moja katika mfuko wake, akafunga kibao chake juu. Alifanya kila kitu ambacho ningefanya mimi, pengine kwa uangalifu zaidi.

Nilipofika siku iliyofuata nilimkuta amevaa nguo ya Jumapili. Alinikalisha ndani, akaleta viazi vitamu vya moto na bakuli la simsim ya kusaga, nyeupe, laini, inayong'aa mafuta. Nilikuwa na njaa. Nilikula nikasifu, nikaongezwa, nikala tena. Alisimama mlangoni akinitazama kwa furaha ya mtu anayetimiza jambo.

Kisha nikatundika mizani kwenye boriti ya ghala na kuanza kupima. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Nilipoinua namba nne, mshale ulisimama chini ya pale nilipoutarajia. Niliutikisa mfuko. Nikapima tena. Kipande kile kilikuwa bora kuliko vyote kwa macho ya kila mtu, na mzani ulikuwa unasema ni cha tatu.

Nyuma yangu mama alianza kucheka.

"Sasa unashangaa nini, bwana shamba? Ingine iko ndani ya tumbo lako."

Alinieleza bila haya, kwa sababu hakuona la kuonea haya. Katika nyumba ile, tangu siku za mama mkwe wake, aliyeleta mbegu ngeni ndiye hula kwanza. Asipokula, mbegu huhesabiwa kwamba bado iko njiani. Haijafika, na haiwezi kukaa. Na ukimpa mgeni, humpi ya namba mbili. Unampa nzuri. Alikuwa amesaga namba nne, na ya kubaki alikuwa ameniwekea katika kopo nirudi nayo Amagoro.

"Sikuuza," alisema, akihesabu masharti yangu kwa vidole. "Sikuchanganya. Sikupanda."

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimemkataza kunipikia.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua la kufanya. Kipande kilichoharibika huandikwa kwamba kimeharibika. Kuna hesabu yake, na nilikuwa nimeifanya katika mtihani nikaipata. Mstari mmoja ungetosha: sehemu ya mavuno ililiwa kabla ya kupimwa. Lakini mstari ule ungezaa swali, na swali lilikuwa moja tu. Wewe ulikuwa wapi siku ya kupura? Nilikaa juu ya gogo la ghala nikiishikilia kalamu, mdomo wangu bado na ladha ya simsim, nikaandika uzito kama ulivyosomeka. Palipoandikwa nilishuhudia, nikaweka saini. Nafasi ya maelezo nikaiacha tupu. Kopo nilikwenda nalo. Nilipaka mkate wangu kwa wiki nzima.

Mnamo Februari tulikutana kituoni kupitisha matokeo. Mtafiti mkuu, mtu mpole aliyeipenda kazi yake, aliweka namba ubaoni. Katika nyumba ya karibu na barabara namba nne ilikuwa ya kwanza. Katika nyumba ya Moding ilikuwa ya tatu. Ukijumlisha, namba mbili iliipita kidogo.

"Namba nne haitulii," alisema. "Leo juu, kesho chini. Wewe uliyekuwa shambani, kuna jambo lolote?"

"Hapana, mzee," nilisema.

Alichora mstari juu ya namba nne. Mkataba wangu uliongezwa mwaka mmoja. Kazi ya Busia sikuipata.

Agosti nilimpelekea mama mfuko wa namba mbili, mbegu ya kutosha nusu ya shamba lake. Aliufungua, akachota, akaziacha punje zipite katikati ya vidole, vile vile kama yule mnunuzi.

"Hii siyo."

"Ndiyo iliyoshinda, mama."

"Ilishinda wapi?"

"Kwa mizani."

Aliufunga mfuko. "Ni nyeupe," alisema hatimaye. "Basi." Mbegu ya mama mkwe wake hakuipanda msimu ule, niliyemshauri asiipande ni mimi, ili rangi zisichanganyike. Alipanda namba mbili peke yake, na ilistawi. Novemba alikuwa anaizungumzia Malaba kama mtu anayejiandaa kwa harusi.

Wiki ile ambayo mabua yalipaswa kukatwa, shemeji yake alifariki mbali, na mwili ukachukua siku nyingi kuletwa nyumbani. Katika kijiji chao hakuna anayeshika jembe wala panga la shamba kabla ya mazishi. Hakuna aliyetunga kanuni hiyo dhidi yetu. Ilikuwepo kabla ya fomu zetu, na kila mkulima wa pale angeweza kutuambia kwamba zao la watu wanaozikana lazima liwe na subira. Kule kituoni vibarua walikuwa wakikata namba mbili siku ile ile ilipokomaa. Moding ilingoja siku nane, jua likiwa kali na upepo wa mchana ukipita.

Nilifika kesho yake baada ya maziko. Mabua yalikuwa yamesimama wima, mazuri kwa mbali, na kila ganda lilikuwa wazi na tupu. Njiwa na kuku walikuwa chini wakidonoa. Mama alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba na kifagio kifupi, akifagia ardhi, akitia udongo ndani ya ungo na kuupepeta. Alikuwa amepata kiasi cha ndoo, nusu yake mchanga.

"Nitaiosha," alisema kabla sijamsalimia. "Ukiosha, mchanga unabaki chini."

Nilijua, naye alijua, kwamba mnunuzi angeuma punje tatu na kutema mchanga mbele ya watu.

Nilipiga magoti karibu naye nikafagia kwa mikono. Na hapo, sijui kwa nini hapo na si miezi kumi nyuma, nikamwambia. Nilimwambia kwamba namba nne iliachwa kwa sababu ya kipande chake, kwamba kipande chake kilipungua kwa sababu ya bakuli lile, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi nilimwambia kwa faida ya nani. Yeye hakuwa ameniuliza kitu. Mzigo ulikuwa wangu, na nilimkuta amebeba wake, nikamwongezea.

Alisimamisha kifagio.

"Kwa hivyo ni chakula changu."

"Hapana, mama. Ni saini yangu."

Neno saini halikumfikia. Niliona limeanguka njiani. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mimi nilikupa kwa moyo mweupe," alisema.

"Najua."

"Na wewe ungesema wakati ule, wangekupiga?"

"Hapana."

"Wangekufuta?"

"Pengine."

"Pengine," alirudia. Halafu akaendelea kufagia, na tuliupepeta udongo ule mpaka jioni. Nilipoondoka aliuliza bila kuinua kichwa: "Iko yoyote imebaki? Ya namba nne?"

Ilikuwepo. Katika ghala la kituo mbegu za aina zilizoachwa ziliwekwa katika bahasha ndani ya sanduku la bati, na mtunza ghala, mtu wa mzaha, aliliita sanduku lile makaburini. "Unamtafuta marehemu gani?" aliniuliza. Nilimwambia nataka kuhakiki namba za bahasha. Alipogeuka kumhudumia mtu mwingine nilitia bahasha moja mfukoni. Ilikuwa na kiasi cha viganja viwili, mbegu ya kutosha kupanda kipande kizuri, na kutoka kipande kile, msimu mmoja baadaye, shamba zima. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua kubwa, nikaipeleka Moding.

Mama aliifungua, na uso wake ukawa ule wa Oktoba ya mwaka wa kwanza. Alimimina kidogo kiganjani, akazisukuma punje kwa kidole, akazitambua. Ningependa kuishia hapo.

"Wamekupa?" aliuliza.

Nilianza kumuuliza habari za mvua.

"Umeandika?"

"Kuandika nini, mama?"

"Kwamba umechukua. Na ile ingine. Ile ya tumbo." Alizirudisha punje ndani ya bahasha moja moja, hata zilizonata kwenye jasho la kiganja. "Mimi ulinikataza, nikashika. Usiuze, usichanganye, usipande. Sasa unaniletea kwa mfuko wa suruali. Wakija kuuliza, watauliza nani? Si ni mimi?"

"Hakuna atakayeuliza."

"Yule mwanamke wa Malaba atauliza nimetoa wapi. Nimwambie nini?" Aliniwekea bahasha mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake. "Enda uandike kwanza, mwanangu. Halafu uniletee. Nitalima mahali pake, nitangoja."

Niliandika. Ilichukua kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi niliandika pia habari ya maganda yasiyofunguka haraka, na ya mazishi, na ya siku nane. Mtafiti mkuu alisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Aliposoma mwisho alirudi ukurasa wa kwanza akasoma tena.

"Hili la maganda," alisema, "ndilo tulilokuwa tunalitafuta."

"Ndiyo, mzee."

"Mwaka jana nilikuuliza."

"Ndiyo, mzee."

Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono nikampa bahasha. Aliniambia kwamba namba nne itaanza upya, kituoni kwanza, kisha katika mashamba, kwa utaratibu, na kwamba punje haiwezi kutoka nje kabla ya hapo. Na kwamba mimi sitakuwa katika kazi hiyo. Nilimwomba mzee kwamba mama wa Moding apewe kiganja kimoja tu. Alisema anamsikitikia mama wa Moding. Nadhani alisema kweli. Bahasha iliingia katika droo, na droo ikafungwa kwa ufunguo.

Nilikuwa na wiki tatu za kukabidhi vifaa. Katika wiki hizo ningeweza kwenda Moding siku yoyote, haikuwa mbali. Nilitayarisha maneno asubuhi na kufikia saa nne nilikuwa nimepata kazi nyingine ya kufanya. Nilijiambia kwamba nitakwenda nikiwa na habari njema, kwamba huenda droo ile itafunguliwa. Mvua zikaanza, na kila mtu akapanda.

Siku niliyokuwa nikirudisha mizani nilikodi baiskeli ya boda boda. Dereva wake alikuwa mzee aliyewajua watu wa pande zile zote, na ili kukwepa tope la barabara kubwa alipitia Moding bila kuniuliza. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika kifundo cha mguu. Katikati ya shamba la mama palikuwa na kipande kimoja kilicholimwa vizuri, udongo wake umepondwa ukawa laini kama unga, magugu yameng'olewa karibuni, na hakuna kilichoota ndani yake. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni.

Mzee alipunguza mwendo. "Huyu mama msimu huu ana nini? Watu wote wamepanda, yeye kila siku anapalilia udongo."

"Anangoja mbegu," nilisema.

"Kutoka kwa nani?"

Mizani ilikuwa magotini pangu, na niliishika isigongane na baiskeli.

"Twende, mzee," nikamwambia. Akakanyaga.